Kiswahili Chetu Hakijalala, Kinakosa Nyaya



Leo nataka tuzungumze juu ya msemo mmoja wa Kiingereza ambao watoto wa Birmingham mmekua nao: jitu lililolala. Waingereza huutumia kwa mtu, nchi au kitu chochote chenye nguvu kubwa ambayo bado haijatumika. Hapa mjini kwetu msemo huo ulikuwa kama jina la pili la Aston Villa. Timu hiyo ilikuwa bingwa wa Uingereza mwaka 1981, na tarehe 26 Mei 1982 ikaifunga Bayern Munich bao 1-0 mjini Rotterdam na kutwaa Kombe la Ulaya. Baada ya hapo nguvu zikapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2016 Villa ilishuka daraja, ikakaa huko misimu mitatu, ikapanda tena 2019. Muda wote huo watangazaji waliiita jitu lililolala, na mashabiki wake walikereka, maana sifa hiyo ina tusi ndani yake. Ni kama kumwambia mtu: ungeweza, lakini hufanyi.

Sisi Waswahili tuna kipande chetu katika hadithi hiyo. Januari 2020 Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, alisajiliwa na Villa kutoka Genk ya Ubelgiji, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, na tarehe 1 Machi akafunga tena Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi, ingawa Manchester City walishinda 2-1. Siku zile kurasa za klabu kwenye mitandao zilijaa maneno ya Kiswahili, yaliyoandikwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga Birmingham.

Villa iliamka kweli. Tarehe 2 Oktoba 2024, katika msimu wake wa kwanza wa mashindano ya mabingwa wa Ulaya tangu 1983, iliifunga Bayern 1-0 tena, safari hii uwanjani Villa Park. Lakini tukumbuke kwamba kuitwa jitu hakukuiamsha. Iliamshwa na kazi za kila siku ambazo hazina shangwe: kocha mwenye mpango, mazoezi, usajili uliofikiriwa, na watu kufanya jambo lilelile vizuri wiki baada ya wiki.

Jitu la kwetu ni jingine

Watoto, kabla sijaendelea, niulizeni: je, Mswahili naye husema jitu lililolala? Ukilisema neno kwa neno tutakuelewa, lakini huenda bibi yako akashtuka. Katika ngano zetu majitu na mazimwi si watu wa kuombea waamke. Zimwi ndilo lililomtia binti ndani ya ngoma na kuzunguka naye vijijini likimwimbisha. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, maana yake hata ukijuana nalo litakumega tu, afadhali likubakize. Tena wakaonya: usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Kwa hiyo mtoto wa Kiingereza anaombea jitu liamke, na mtoto wa Kiswahili ananyata kwa vidole asiliamshe.

Methali yetu iliyo karibu zaidi na msemo wa Waingereza ni hii: kimya kingi kina mshindo mkuu. Anayenyamaza sana, siku akiamua kusema, patatikisika. Hapa hakuna usingizi. Mtu yuko macho, anasikia kila kitu, ila hajafungua mdomo. Naomba mlishike wazo hilo, kwa sababu hapo ndipo ninapotofautiana na watu wengi wanaokisifu Kiswahili.

Sifa tunazo nyingi

Siku hizi wako wengi wanaokiita Kiswahili jitu la Afrika lililolala, na hoja zao ni nzito. UNESCO inakadiria kwamba wazungumzaji wake wamepita milioni 200. Novemba 2021 shirika hilo liliamua kwamba tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kukumbuka 7 Julai 1954, siku TANU ilipokitangaza Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru wa Tanganyika. Agosti 2019 nchi za SADC zilikipokea kuwa lugha yao rasmi ya nne. Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hapa Uingereza BBC imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1957, na chuo cha SOAS jijini London, kilichofungua milango 1917, kimefundisha Kiswahili vizazi kwa vizazi.

Kila Julai tunayasoma mambo haya, tunapiga makofi, tunakula pilau na mandazi, kisha tunarudi nyumbani na mtoto anamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba amechoka. Ndiyo maana nasema sifa hazitoshi. Mimi sikubali kwamba Kiswahili kimelala. Nadhani shida yetu ni nyingine, na nitaieleza kwa mfano wa mito miwili.

Inga na Rufiji

Wanafunzi wenye asili ya Kongo, huu ni mto wenu. Wataalamu wanakadiria kwamba maporomoko ya Inga, karibu na mahali Mto Kongo unapoingia baharini, yanaweza kutoa umeme wa megawati 40,000 hivi. Mabwawa mawili yaliyopo, la kwanza la 1972 na la pili la 1982, yalijengwa kwa uwezo wa megawati kama 1,775 kwa jumla. Magazeti ya dunia yameiita Inga jitu lililolala mara nyingi sana. Lakini hebu mtoto aniambie: mto umelala? Mto Kongo haujalala hata usiku mmoja. Kila sekunde unamwaga baharini wastani wa mita za ujazo 40,000 hivi za maji. Maji yako macho, tena yananguruma. Kinachokosekana ni mitambo ya kuyapokea na nyaya za kuufikisha umeme kwa mama anayepika kwa mkaa.

Sasa tuje Tanzania. Tangu enzi za Mwalimu Nyerere watu walijua kwamba Mto Rufiji unaweza kutoa umeme mwingi. Makaratasi yaliandikwa, miaka ikapita, maji yakaendelea kwenda Bahari ya Hindi. Ujenzi mkubwa ulianza 2019, na Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kuingiza umeme kwenye gridi ya taifa. Mitambo iko tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Mto ni uleule. Hakuna aliyeuamsha. Watu walijenga ukuta, wakafunga mitambo, wakavuta nyaya.

Kiswahili chetu hapa Birmingham kiko hivyohivyo. Kinapita kila siku. Kinapita kwenye simu ya baba akizungumza na kaka zake Mwanza. Kinapita kwenye ujumbe wa sauti wa shangazi wa Mombasa ambao hauishi. Kinapita msikitini, kanisani, saluni, kwenye basi, kwenye sherehe za arusi. Kinapita kwa wazee wa Kihindi wa Handsworth na Sparkhill waliokulia Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 kuondoka mwaka 1972, zaidi ya 27,000 walikuja Uingereza, na wengine waliotoka Kenya walikuwa wametangulia. Wengi wao walileta Kiswahili cha sokoni na dukani, nao hukitoa kwa furaha ukiwaamkia. Kinapita kwa Wabarawa na Chimwini chao, kwa Wabajuni, kwa Wakongo, kwa Warundi na Wanyarwanda, kwa ndugu zetu waliopitia Oman. Na kinapita ndani ya masikio yenu nyinyi watoto, ambao mnakielewa vizuri kuliko mnavyokubali. Ukimwambia mtoto kwa Kiswahili kwamba kuna keki jikoni, haulizi tafsiri.

Maji yapo, basi. Tunachokosa ni nyaya. Nitazitaja tatu, na kila moja iko ndani ya uwezo wetu.

Waya wa kwanza: daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kiswahili cha mji huu ni mali isiyo na daftari, na sisi wenyewe ndio tunaoacha kuandika.

Sensa ya 2021 iliwauliza watu wa Uingereza na Wales lugha yao kuu ni ipi. Kipolandi kiliongoza baada ya Kiingereza, kikiwa na watu 612,000 hivi. Kipanjabi na Kiurdu vilikuwa juu pia. Ukiangalia jinsi swali lilivyowekwa, mtu aliyechagua Kiingereza hakuulizwa lugha nyingine yoyote. Mzazi anayetumia Kiingereza kazini na Kiswahili nyumbani, akiweka alama kwenye Kiingereza, Kiswahili chake kimefutika hapohapo. Sensa hiyo imepita, na nyingine inapangwa 2031.

Lakini iko hesabu nyingine inayofanywa kila mwaka, na hiyo hatuhitaji kuisubiri. Shule za serikali huandika lugha ya kwanza ya kila mwanafunzi, na takwimu hizo hupelekwa Wizara ya Elimu. Wazazi wengi huandika Kiingereza, kwa sababu mtoto anakizungumza vizuri kuliko wao. Lakini swali si hilo. Kwa maelezo ya wizara yenyewe, lugha ya kwanza ni ile aliyoanza kuisikia mtoto akiwa mdogo na ambayo bado anaisikia nyumbani au katika jamii yake. Kama alikua na lugha mbili, Kiingereza na nyingine, inayopaswa kuandikwa ni ile nyingine, hata kama Kiingereza chake ni safi kabisa. Orodha ya lugha ya wizara ina Kiswahili, na imetenga hata nafasi za Kingwana cha Kongo, Chimwini cha Barawa, Kibajuni na Kikomoro. Nafasi yako ipo. Kilichobaki ni wewe kuijaza.

Najua wapo wazazi wanaohofu kwamba wakiandika Kiswahili, mtoto atachukuliwa kuwa hajui Kiingereza na kuwekwa nyuma ya wenzake. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu wengi wetu tumewahi kudharauliwa kwa lafudhi. Lakini lugha ya kwanza ni habari moja, na kiwango cha Kiingereza ni habari nyingine. Mwalimu wa darasa hupima Kiingereza cha mtoto kwa kumsikiliza na kuangalia kazi zake. Nendeni ofisini, mwulizeni karani lugha iliyoandikwa kwenye faili la mwanao. Kama imeandikwa Kiingereza na nyumbani mnaongea Kiswahili, ombeni ibadilishwe. Ni kazi ya dakika tano.

Waya wa pili: mdomo na kalamu

Hapa nazungumza na wazazi kwanza, watoto watanisamehe.

Shule yetu inawapata watoto saa chache tu za Jumamosi, tena wengine wamechelewa na wengine wanawaza mpira. Saa zilizobaki za wiki ni zenu. Mtoto hafundishwi lugha na mwalimu wa Jumamosi peke yake, kama vile mtoto haneneshwi na mlo mmoja wa wiki. Anayesema Kiswahili nyumbani huja darasani tukamfundisha kusoma na kuandika. Asiyekisikia nyumbani huja tukaanza naye rangi na namba, mwaka huu, mwaka ujao, na mwaka wa baadaye.

Nazisikia sababu tunazopeana. Moja ni kwamba mtoto atachanganyikiwa. Walimu na wataalamu wa lugha wameeleza kwa miaka mingi kwamba mtoto anaweza kukua na lugha mbili au tatu bila madhara, na sisi tunaotoka Afrika Mashariki ndio ushahidi wenyewe. Nani kati yenu alikua na lugha moja tu? Mchaga alisema Kichaga kwa mama, Kiswahili kwa majirani na Kiingereza darasani. Mbembe, Mluo, Mganda na Mhaya vilevile. Hakuna aliyepotea njia ya kurudi nyumbani kwa sababu ya lugha kuzidi kichwani.

Sababu ya pili ni kwamba Kiingereza ndicho chenye kazi. Ni kweli Kiingereza kina kazi, na hakuna anayewaambia watoto wakiache. Mtazameni Nyerere. Alikuja kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, akakijua Kiingereza hata akakitumia kutafsiri Shakespeare. Mabepari wa Venisi yake ilitoka 1969, na Juliasi Kaizari husomwa hadi leo. Kila lugha aliyoijua aliirudisha nyumbani ikawanufaisha wenzake. Nasi tunakaa karibu saa moja tu kwa treni kutoka mahali alipozaliwa Shakespeare, na maktaba kuu ya jiji letu ina mojawapo ya makusanyo makubwa kabisa ya kazi zake duniani, yenye tafsiri za lugha nyingi. Wapelekeni watoto siku moja, wamwulize mkutubi juu ya Kiswahili. Hata kuuliza ni somo, maana mkutubi ataandika kwamba wapo wanaoulizia.

Sababu ya tatu huwa hatuisemi kwa sauti. Baadhi ya wazazi wanaona haya ya Kiswahili chao. Wakongo hasa, naomba mnisikilize. Kumcheka mtoto aliyesema niko nakuya, kwa kuwa wengine husema ninakuja, ni kumfunga mdomo. Nimeona mtoto akichekwa mara moja tu, akanyamaza wiki nne. Darasani tunafundisha Kiswahili sanifu kwa ajili ya kusoma, kuandika na mtihani, lakini Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi si Kiswahili kilichoharibika, na cha Nairobi si utani, na cha Barawa si cha kale kilichosahauliwa. Sanifu yenyewe ilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja moja kati ya nyingi. Mzazi, kiseme Kiswahili chako mbele ya mwanao bila kuomba radhi. Sisi tutamwongezea sanifu juu yake, kama mtu anayeongeza ghorofa juu ya nyumba iliyokwisha simama.

Sasa nyinyi watoto. Mnajua kusikia. Mnajua kuelewa. Wengi wenu mnajua hata kusema, ila hamjazoea. Basi kuanzia wiki hii, kila mmoja aandike mistari mitano ya Kiswahili kwa mtu mmoja ambaye si mwalimu: bibi, babu, binamu, shangazi, mjomba. Andikeni kwenye simu, si lazima karatasi. Andikeni mliyoyafanya kweli: mlivyonyeshewa mvua mkitoka shule, mlivyokula wali wa jana, mlivyofungwa mabao sita Cannon Hill. Mkikosea, bibi atacheka kidogo na atajibu. Akijibu, mtakuwa mmesoma ukurasa mzima wa Kiswahili bila kulazimishwa na mtu. Wazazi, mwombeni bibi naye ajibu kwa maandishi, sio kwa sauti tu, ili mtoto asome.

Waya wa tatu: cheti

Huu ndio waya mrefu, na unahitaji watu wengi wa kuuvuta.

Mtoto wa jirani yako anayesema Kiurdu, Kipanjabi, Kibengali, Kiarabu au Kipolandi anaweza kufanya GCSE ya lugha ya nyumbani kwao na kuweka alama hiyo kwenye maombi ya chuo na kazi. Mtoto wako anayesema Kiswahili hawezi, kwa sababu hakuna GCSE ya Kiswahili. Cambridge wana mtihani wa kimataifa wa Kiswahili, IGCSE, lakini shule nyingi za huku hazijawahi kufikiria kuutoa. Kwa hiyo mtoto anakuja kwetu kila Jumamosi miaka minane, na akifika miaka kumi na sita hana karatasi ya kuonyesha. Hapo ndipo vijana wengi wanapotuacha, na siwalaumu.

Je, wenzetu walipewaje? Msidhani kwamba serikali iliamka asubuhi ikawahurumia. Mwaka 2015 bodi za mitihani zilitangaza kwamba zitaacha mitihani ya GCSE na A-level ya lugha kadhaa zenye watahiniwa wachache, zikiwemo Kibengali, Kipanjabi, Kigujarati, Kituruki, Kipolandi na Kireno. Wazazi na walimu wa shule za Jumamosi kama hii yetu waliandika barua, wakakusanya sahihi, wakawafuata wabunge wao. Mwaka 2016 serikali ikatangaza kwamba lugha nyingi kati ya hizo zitaendelea kutahiniwa. Sisi hatukupoteza kitu mwaka ule, kwa sababu hatukuwamo kwenye orodha. Mtu asiye na shamba haogopi nzige.

Nataka mwone jinsi nyaya hizi tatu zinavyoungana. Bodi ya mitihani huuliza kwanza: watahiniwa wako wangapi? Jibu hilo linatoka kwenye daftari, yaani zile fomu za shule. Swali la pili: je, watafaulu? Jibu linatoka kwenye mdomo na kalamu za nyumbani. Bila viwili hivyo, barua yetu itakuwa kelele. Ikiwa navyo, itakuwa hoja.

Wengine watasema tuko wachache mno, tena tumegawanyika: Watanzania na sherehe zao, Wakenya na zao, Wakongo na kanisa lao, Wabarawa na msikiti wao. Ni kweli, kila mtu huvutia kwake. Lakini kumbukeni mji huu ulichokiona tarehe 30 Julai 2022. Siku hiyo, katika mbio za marathoni za wanaume za Michezo ya Jumuiya ya Madola, hapa Birmingham, dhahabu ilikwenda kwa Victor Kiplangat wa Uganda, fedha kwa Alphonce Simbu wa Tanzania, na shaba kwa Michael Githae wa Kenya. Jukwaa zima lilikuwa la Afrika Mashariki. Bendera tatu, nchi tatu, na lugha moja inayovuka mipaka yao yote. Lugha hiyo ndiyo tunayowapa watoto wetu. Itakuwa ajabu waliokuja kukimbia siku moja wafanane kuliko sisi tunaoishi hapa.

Tukiacha, nini kitatokea?

Sitaki kuwatisha, ila nitasema wazi. Lugha ya wahamiaji haifi kwa kupigwa marufuku. Hufa kwa kujibiwa kwa lugha nyingine. Bibi husema, mama huelewa na kusema, mtoto huelewa tu, mjukuu haelewi. Vizazi vitatu vinatosha. Watoto wengi wa shule yetu wako kwenye hatua ya kuelewa tu. Maana yake ni kwamba uamuzi hauko mbali, uko kwa watoto hawahawa, katika miaka hiihii waliyobaki nayo nyumbani kwenu kabla hawajaondoka kwenda vyuoni. Mto hauwezi kukauka Afrika Mashariki. Hapa kwetu unaweza.

Kwa hiyo ukisikia tena mtu akisema Kiswahili ni jitu lililolala, mshukuru kwa sifa, halafu mwulize kama amebadilisha fomu ya mwanawe.

Jumamosi ijayo nitakuwa mlangoni tangu asubuhi na karatasi mbili. Ya kwanza ni barua fupi ya kupeleka ofisi ya shule ya mtoto, kuomba Kiswahili kiandikwe kama lugha yake ya kwanza. Mnajaza jina na kusaini tu. Ya pili ni daftari letu wenyewe: jina la mtoto, mwaka wake wa kuzaliwa, na kama angependa kufanya mtihani wa Kiswahili ukipatikana. Waleteni na majirani wasio na watoto hapa shuleni, na wale wazee wa Handsworth kama mnawafahamu. Chai itakuwepo. Watoto, mje na ile mistari mitano, pamoja na jibu la bibi.